Upande Wenye Wino

Lebo ya kwanza ilitoka nyeupe. Ya pili ikatoka nyeupe. Jenipha alibonyeza kitufe cha kusimamisha mashine ya kuchapia, akazipeleka zote mbili kwenye mwanga wa dirisha akitafuta hata alama hafifu ya herufi. Hakuiona. Ilikuwa Jumamosi, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, katika nyumba ya mume wake, Mwalimu Nathanael, nyuma ya stendi ya Lamadi, na lori lilitarajiwa saa tano.

Sebuleni yalipangwa maboksi thelathini, kila moja na pakiti arobaini za dagaa waliokaushwa juu ya vichanja, wakachambuliwa, wakapimwa nusu kilo nusu kilo. Pakiti zote elfu moja na mia mbili zilikosa kitu kimoja: lebo yenye namba ya toleo, tarehe ya kufungwa, tarehe ya mwisho wa matumizi na mistari ya kusomwa na skana. Namba ya toleo ilitumwa na mnunuzi wa Musoma jana yake jioni, kwa ujumbe wa simu. Kabla ya hapo hakukuwa na cha kuchapa.

Mzigo wao wa kwanza, pakiti mia tatu, ulirudishwa miezi miwili iliyopita. Tarehe zilikuwa zimeandikwa kwa kalamu ya maka, na mafuta ya dagaa yalizifuta kabla hazijafika dukani. Lukresia, mkaguzi wa mnunuzi, alimwambia Jenipha kwa simu, bila hasira yoyote, kwamba mzigo wa pili ukiwa na kasoro ya lebo, oda itahamia kwa wafungaji wa Nassa. Sampuli zao alikuwa nazo tayari mezani.

"Baba Joyness," Jenipha aliita. "Njoo uone."

Nathanael alitoka bafuni na mswaki mdomoni. Alizitazama zile lebo mbele na nyuma.

"Umeiweka vibaya riboni."

"Nimeiweka kama ile ya zamani ilivyokaa."

"Hebu."

Aliufungua mfuniko wa mashine, akautoa ule utepe wa wino, akaurudisha vilevile ulivyokuwa, kwa kujiamini zaidi. Lebo ya tatu ikatoka nyeupe.

"Riboni ni nzima," alisema. "Nimeshuhudia kwa macho yangu ikichapa."

Hilo lilikuwa kweli. Jana yake, huko Mwanza, aliingia dukani na pakiti ya dagaa mkononi, akamwomba muuzaji achape lebo moja kwa utepe huo huo, halafu akachukua dagaa mmoja na kuisugua lebo kwa dakika nzima mbele ya wateja wengine. Mmoja wao alimuuliza kama na ugali ameuleta. Maandishi hayakufutika. Nathanael alilipa, akaondoka na vidole vinavyonuka na moyo mweupe. Kuhusu mafuta hakusahau kuuliza chochote.

"Basi ni joto," aliamua. Alikuwa mwalimu wa hisabati, na alijua mashine inavyofanya kazi. Utepe ni plastiki nyembamba kuliko mfuko wa kufungia karanga, umepakwa wino upande mmoja. Kichwa cha mashine kinaupasha moto pale penye herufi, wino unayeyuka, unahamia kwenye lebo. Moto ukiwa mdogo, wino hauhami. Alipandisha joto kutoka kumi hadi ishirini na tano.

Mashine ilitoa sauti ya kanga inayochanwa, ikasimama. Utepe ulikuwa umegandia kwenye kichwa cha kuchapia, na pembeni umekatika.

Jenipha ndiye aliyezima swichi ukutani.

* * *

Saa moja na nusu Masunga aliingia uani akiwa na fimbo yake na koti la suti. Alikuwa mdogo wa marehemu baba yake Nathanael, na alikuja kuliona lori. Ng'ombe wawili wa mahari ya Milembe, binti wa nyumba hiyo, waliuzwa ili mashine inunuliwe, na katika kikao cha familia yeye peke yake alikataa.

"Mwangaluka, shemeji," alimsalimia Maximiliana, mama yake Nathanael, aliyekuwa ameketi mkekani akiunga wavu wa mtu.

"Mwangaluka duhu. Kaa. Chai inakuja."

"Sikuja kwa chai. Nimekuja kuwaona ng'ombe wangu wanavyoandika." Alichungulia mlangoni, akaziona lebo nyeupe juu ya meza. "Ndizo hizi?"

"Bado tunarekebisha, baba mdogo," Nathanael alijibu.

Masunga aliokota moja, akaigeuzageuza. "Mmeuza ng'ombe wawili mkanunua kitu kinachotoa karatasi nyeupe. Karatasi nyeupe hata kwa Mwandu pale dukani ipo. Tena hadai ng'ombe."

Maximiliana hakuinua macho kutoka kwenye wavu. "Shemeji, mwaka ule ulinunua jogoo wa kuwika akakaa miezi mitatu kimya. Tulikucheka?"

"Mlinicheka sana."

"Basi kaa."

Ndani, Jenipha alikuwa amempigia muuzaji wa Mwanza, mtu aitwaye Ngeleja, na simu aliiweka kwenye sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilishika mashine.

"Mama, hiyo mashine inataka mtu aliyeisomea," alisema Ngeleja. "Mzee yupo hapo? Nipe mzee."

Nathanael alisogea. "Niko hapa."

"Ahaa, mwalimu wa dagaa!" Ngeleja alicheka, na mtu mwingine karibu yake akacheka pia. "Mwalimu, riboni uliipima mwenyewe, ukaisugua, nikakuacha. Tatizo ni mashine yako. Imezeeka. Ilete huku tuitazame."

"Leo kuna mzigo."

"Nikikutumia riboni nyingine kwa basi, hilo linatoka saa tatu. Itafika saa tano na nusu, saa sita. Na ukiiharibu na hiyo, utaniambia tena ni riboni?"

Jenipha alinong'ona, "Muulize kama mashine yake na yetu zinavaa riboni namna moja."

Nathanael hakuuliza. Alikwisha kuchekwa mara mbili katika duka moja, na mtu akichekwa mara mbili hupunguza maswali. Alishukuru, akakata simu.

* * *

Jenipha hakugombana naye. Alinawa mikono kwa sabuni hadi harufu ya dagaa ilipoisha, akakausha kwa kitambaa safi, akakaa mezani na vitu vitatu: roli jipya, kipande cha utepe wa zamani alichokiokota kwenye ndoo ya taka, na lebo chache tupu.

Alibandua lebo moja na kuugandisha upande wake wenye gundi kwenye uso wa nje wa roli jipya. Akaivuta. Gundi ilitoka safi. Akafungua utepe kidogo, akagandisha lebo ya pili kwenye uso wa ndani, akavuta. Ilitoka na doa jeusi lenye umbo la kidole gumba chake. Lebo ya tatu aliigandisha kwenye uso wa nje wa utepe wa zamani. Ikatoka nyeusi.

Alizipanga zote tatu mbele ya mume wake.

"Ya zamani wino uko nje. Hii mpya wino uko ndani," alisema. "Asubuhi yote tumekuwa tunakipaka wino kichwa cha mashine. Lebo haijaguswa."

Nathanael alizitazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Mashine yake dukani inaipitisha upande mwingine," alisema mwishowe. "Ndiyo maana kule ilichapa."

"Ndiyo maana."

"Nilimuuliza upana. Nilimuuliza urefu. Nilimuuliza mafuta."

"Najua uliuliza."

"Upande sikuuliza."

Saa mbili kasorobo. Alivaa viatu, akatoka mbio kwenda duka la dawa kutafuta spiriti ya kusafishia kichwa cha mashine, kwa kuwa hilo angalau lingewezekana. Aliporudi na kichupa, alikuta mke wake na mama yake wameinama juu ya roli, na mama yake ameshika kiini kitupu cha karatasi kilichobaki kwenye utepe wa zamani.

"Mkamwana ananiambia upande wenye kazi uko ndani," alisema Maximiliana. "Sasa mnashindwa nini kuupindua? Mimi uzi naletewa umekunjwa kwa mkono wa mtu wa kiwandani. Naukunja upya kwa mkono wangu ndipo naunga wavu."

"Mama, huu si uzi. Ni mita mia tatu za plastiki inayopasuka ukiipulizia."

"Wewe umeuzoea uzi gani? Ule wa kushonea vifungo?"

Jenipha alikuwa amekwisha kujaribu kwa kipande kifupi na kalamu mbili. Aliwaonyesha. Utepe ukitoka juu ya kalamu ya kwanza na kuingia juu ya ya pili, wino unabaki ndani. Ukitoka juu ya ya kwanza na kupita chini ya ya pili, wino unakuwa nje. Aligandisha lebo kuthibitisha. Doa jeusi.

Nathanael alivuta daftari. Mwili wake wote ulibadilika alipopata namba za kushika. "Lebo moja na nafasi yake ni milimita hamsini na tatu. Mara elfu moja na mia mbili. Mita sitini na tatu na sentimita sitini." Akakizungushia kiini uzi, akaupima kwa rula. "Mzunguko mmoja sentimita kumi na nukta nne. Hatuhitaji mia tatu. Mizunguko mia sita na ishirini inatosha."

"Ongeza," alisema mama yake. "Hakuna anayekata uzi wa kipimo."

"Mama, hesabu ni hesabu. Saa zinakwenda."

Toka uani Masunga aliuliza, "Na mimi nishike nini?"

Hakuna aliyetegemea swali hilo, hata yeye mwenyewe.

* * *

Jaribio la kwanza lilishindikana kwenye mzunguko wa thelathini. Maximiliana alikunja, Masunga alishika kijiti chenye roli kubwa, na utepe ukajikusanya katikati, ukafanya mikunjo, ukachanika. Jenipha alikata kipande kilichoharibika, akagandisha upya kwa lebo.

"Unauvuta kama kamba ya ndama," Maximiliana alimwambia Masunga.

"Na wewe unakunja kama unafukuzwa."

"Legeza mkono. Roli litembee lenyewe, wewe lizuie kidogo tu. Mikono umenawa?"

"Nimenawa."

"Nusa."

Masunga alinusa, akaenda kunawa tena, safari hii kwa sabuni ya unga. Mafuta ya dagaa yakigusa utepe, wino hauyeyuki sawasawa. Jenipha alilijua hilo tangu wiki ya kwanza, lakini asingeweza kumwambia mkwe wake wa kiume kwamba mikono yake inanuka. Mama mkwe aliweza.

Walianza upya saa tatu na dakika kumi. Maximiliana aliketi kwenye kigoda, viwiko vimekaa magotini, kiini kimechomekwa kwenye kijiti alichokilainisha kwa msasa. Kidole gumba cha kushoto kilipita juu ya utepe toka ukingo hadi ukingo kila mzunguko, kama anavyofanya kuhisi fundo kwenye uzi. Jenipha alisimama katikati, ameshika chupa tupu ya soda ambayo utepe ulipita juu yake ili ukae bapa. Nathanael alihesabu.

"Mia moja."

Jasho lilimtoka Masunga kwenye paji, na Felisita, mmoja wa wanawake wawili wanaofunga pakiti, alilifuta kwa upande wa kanga yake bila kuombwa.

"Mia mbili na kumi."

"Ulisema mia mbili muda mrefu uliopita," Masunga alisema. "Umeruka?"

"Baba mdogo, usinipoteze."

"Nauliza tu. Mimi ndiye mwenye ng'ombe."

Kwenye mia tatu Maximiliana alianza kuguna wimbo wa kupalilia, na kasi ikashikamana na wimbo. Kwenye mia nne Jenipha aligundua kwamba anatabasamu. Utepe ulikuwa unaingia mweusi, laini, bila mkunjo, wino ukitazama nje. Kwenye mia tano mtaani kulipita pikipiki yenye spika ya matangazo, na wote wanne wakazuia pumzi zao pamoja kana kwamba kelele ile ingeweza kuuchana utepe.

"Mia sita," alisema Nathanael. Sauti yake ilipanda. "Ishirini tu."

"Sasa na waje hao wa Nassa," Masunga alisema, na kwa furaha akageuka kumtazama Felisita. Kijiti kikaenda na bega lake. Kiliinama kwa muda usiozidi nusu dakika, akakinyoosha. Maximiliana aliuona mkunjo mwembamba ukiingia. Aliendelea kukunja kwa sababu kusimama kungekuwa kubaya zaidi.

"Mia sita na ishirini."

Jenipha alikata kwa wembe.

* * *

Kichwa cha mashine kilisafishwa kwa spiriti na pamba mara tatu, hadi pamba ikatoka nyeupe. Roli jipya likaingia mahali pake. Joto likarudishwa kumi. Saa nne na dakika tano Jenipha alibonyeza kitufe, na lebo ikatoka na maandishi.

Felisita alipiga kigelegele. Masunga alisimama akapiga fimbo chini mara mbili. Nathanael alimshika mke wake bega mbele ya mama yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Jenipha alikuwa anasoma. Namba ya toleo ipo. Tarehe ya kufungwa ipo. Kwenye mwaka wa mwisho wa matumizi ulipita mstari mweupe, mwembamba, uliozila tarakimu mbili za mwisho. Kipande kilichokunjwa mwisho ndicho kinachotoka kwanza. Aliiacha mashine ikaendelea, akizitazama lebo moja moja. Mstari ulisogea kulia, ukapungua, ukatoweka. Alihesabu zenye kasoro: hamsini na mbili. Alizikata, akaziweka juu ya stuli karibu na mlango.

"Hizi ni za kutupa," alisema. "Tukimaliza tutaona zinapungua ngapi."

Lebo zilitoka mfululizo, na wale wanawake wawili pamoja na Maximiliana na Masunga wakabandika. Jenipha alilisha mashine na kuangalia. Walikuwa wanakwenda vizuri kuliko walivyowahi kwenda, pakiti moja kila sekunde tano kwa kila jozi ya mikono, boksi likijaa, likifungwa, likisukumwa mlangoni na Nathanael, jingine likivutwa. Saa nne na nusu utepe uliisha. Jenipha alikwenda nyuma kunawa uso, na aliporudi maboksi yote thelathini yalikuwa yamefungwa.

Lori lilifika saa tano kasoro dakika ishirini. Dereva, Marcelo, aliliacha linanguruma kwa sababu ghala la Musoma hufungwa saa nane Jumamosi na alikuwa na kituo kingine cha kupita. Lukresia alishuka na skana yake na kalamu nyuma ya sikio.

"Za asubuhi, dada Jenipha. Safari hii mmeniandikia au mmenichorea?"

"Tumechapa. Karibu uangalie."

Alichagua maboksi matatu bila kufuata mpangilio: la nne, la kumi na moja, la ishirini na mbili. Alitoa pakiti tano tano. Alibinya dagaa mmoja hadi kidole kikang'aa mafuta, akasugua tarehe kwa nguvu. Wino ulikaa. Akaelekeza skana. Ikalia. Akaelekeza tena. Ikalia.

"Hii ni kazi," alisema. "Mashine mpya?"

"Ya mitumba," Masunga aliingilia. "Lakini ina mama."

Lukresia alicheka, akafungua jalada la hati ya mapokezi. Jenipha aligeuka kumwita mama mkwe aje asikie, na ndipo alipoiona stuli karibu na mlango. Ilikuwa tupu.

Alimfuata Nathanael upande wa pili wa lori.

"Zile lebo za stuli ziko wapi?"

"Zimefanya kazi."

"Ziko wapi, baba Joyness?"

"Zilipungua hamsini na mbili hasa. Utepe uliisha." Alisema kwa sauti ya chini na ya haraka. "Ziko boksi la ishirini na tisa na la thelathini. Anapima maboksi matatu kati ya thelathini. Uwezekano wa kuyagusa hayo ni chini ya mmoja kati ya watano. Nilipiga hesabu. Na hakuyagusa. Imekwisha."

"Na atakayenunua Musoma? Naye anapima maboksi matatu?"

"Jenipha." Hakuwa na kawaida ya kumwita kwa jina. "Ni mstari mwembamba. Imeandikwa elfu mbili na kitu. Mtu ataelewa. Ukisema sasa hivi, tunazikosa zote elfu moja na mia mbili kwa ajili ya hamsini. Ng'ombe wa Milembe. Mama kachubuka kidole. Unataka kwenda kumwambia mama?"

Jenipha alimtazama. Kwamba alikuwa na hofu, aliiona. Kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, hakuwa na shaka; hesabu zake zote siku hiyo zilikuwa sahihi. Alijua pia kitu ambacho hakikuwamo ndani ya hesabu hiyo: pakiti moja ikirudi kutoka dukani bila mwaka, Lukresia hatapiga simu mara ya pili.

Alizunguka lori. Kalamu ya Lukresia ilikuwa tayari kwenye karatasi.

"Dada Lukresia, boksi la ishirini na tisa na la thelathini usiyapakie."

Kalamu ilisimama. "Yana nini?"

Jenipha aliyafungua mwenyewe. Lukresia alichukua pakiti ya juu, akapitisha ukucha kwenye mstari mweupe.

"Hii inaisha mwaka gani?"

"Haisomeki."

"Ngapi?"

"Hamsini na mbili. La thelathini lote, na kumi na mbili kwenye la ishirini na tisa."

"Nani alizibandika?"

Nathanael alikuwa amefika nyuma ya mke wake. Masunga alifungua mdomo. Maximiliana akamgusa mkono, naye akafumba mdomo.

"Mimi," Nathanael alisema. "Yeye alizitenga. Mimi nikazibandika."

Lukresia hakumtazama kwa muda mrefu. "Mwalimu, nilikuwa nimekwisha andika jina langu hapa. Herufi tatu." Alimwonyesha Jenipha karatasi. "Hati inasema elfu moja na mia mbili. Sipokei elfu moja mia moja na arobaini na nane. Napokea zote au narudi na lori tupu. Siyo mimi niliyeitunga sheria hiyo."

"Nipe dakika ishirini."

"Utafanya nini kwa dakika ishirini? Utepe si umeisha?"

"Uliokunjwa umeisha. Usiokunjwa upo."

Lukresia hakuelewa, na hapakuwa na nafasi ya kumweleza, maana Maximiliana alikuwa ameshageuka kuelekea ndani akiita kiini, na Felisita amekaa chini mlangoni akizibandua lebo mbovu kwa kucha, taratibu, zisichane pakiti. Masunga alikwenda kwenye ndoo kunawa bila kuambiwa.

"Ni mizunguko ishirini na saba," alisema Nathanael. Alimtazama mama yake, akameza mate. "Tukunje hamsini."

"Kunja sitini," alijibu Maximiliana kutoka ndani. "Na wewe ndiye utakayeshika kijiti. Shemeji atahesabu, maana naona kuongea hawezi kuacha."

Marcelo alitoa kichwa dirishani. "Dada, ghala saa nane. Na pale Mkula bado."

Lukresia alitazama saa yake. Alitazama maboksi ishirini na manane yaliyosimama sawa mlangoni, kisha yale mawili yaliyokuwa wazi miguuni pake, na pakiti ambayo bado alikuwa ameishika. Aliirudisha kwenye boksi, mstari mweupe ukiwa juu.

"Zima injini," alisema.

Marcelo alingoja kidogo kuona kama atabadilisha. Kisha akazima.